SAYYID BARGHASH: Mgeni wa Malkia Victoria aliyepokonywa pwani yake

Katika Mombasa hakuna mwanamke asiyeijua Biashara Street. Harusi ikikaribia, mtoto akizaliwa, au mgeni wa kutoka Lamu au Vanga akitaka kurudi kwao na zawadi, njia ni hiyo hiyo moja: kuingia katika maduka ya leso, kufunua doti moja baada ya nyingine, kusoma majina yake na kuvutana bei na mwenye duka. Moja la maduka mashuhuri ya mtaa huo, lile ambalo leso zake hujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, huhesabu umri wa biashara yake tangu mwaka 1887.

Mwaka huo wa 1887 una habari nyingine ambayo wapitao mtaani humo kila siku pengine hawaikumbuki. Tarehe 24 Mei, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba wa kuwakabidhi wafanyabiashara wa Kiingereza utawala wa pwani yake kutoka mto Umba hadi Kipini kwa muda wa miaka 50. Mombasa na Ngome yake, Malindi na mji wa Mambrui, vyote vilikuwamo katika mkataba huo. Siku hiyo, kwa kusadifu tu, Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa akitimiza miaka 68 ya umri wake, na mwezi uliofuata raia zake walisherehekea miaka 50 ya enzi yake kwa gwaride na fataki.

Ni nani basi huyu Sayyid Barghash, ambaye sahihi yake iligeuza mambo ya watu wa pwani hadi leo? Wengine humkumbuka kwa majumba na mifereji ya maji. Wengine humlaumu kwa kuuza nchi. Ukiyachungua maisha yake, utaona kwamba kila kundi lina sehemu ya haki, na kwamba habari yenyewe ni nzito kuliko lawama au sifa.

MTOTO WA SAYYID SAID

Barghash alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837 hivi. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka huo wa 1837 ulikuwa na mambo makubwa mawili. Hapa Mombasa, Sayyid Said aliwashinda Mazrui baada ya vita vya miaka mingi, akaishika Ngome. Huko London, msichana wa miaka 18 aliyeitwa Victoria alikalia kiti cha ufalme.

Sayyid Said alijua mapema kuwa nguvu ya baharini ilikuwa mikononi mwa Waingereza, naye alifanya kila jitihada kupatana nao. Balozi aliyemtuma kwa Malkia Victoria, tena zaidi ya mara moja, alikuwa Sheikh Ali bin Nasir, ambaye pia alikuwa liwali wa Mombasa. Hata merikebu moja ya kivita ya Sayyid iliitwa jina la Malkia huyo. Na ilikuwa ndani ya merikebu hiyo hiyo, Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, ambapo Sayyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa safarini kutoka Maskati.

Barghash alikuwa pamoja na babake katika safari hiyo. Alikuwa kijana asiyepata hata miaka 20, lakini moyo wake ulikuwa mkubwa. Merikebu ilipokaribia Unguja, alishuka usiku na maiti ya babake, akaizika kwa siri, kisha akajaribu kuishika ngome ya mji kabla nduguye Majid hajapata habari ya msiba. Hakufaulu. Walinzi wa ngome walikataa kumfungulia, na kulipopambazuka Majid ndiye aliyekuwa Sultani wa Unguja. Ndugu yao mwingine, Thuwain, alibaki na Omani.

NJAMA YA NDUGU

Barghash hakukubali. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua Majid, akisaidiwa na Waarabu wa kabila la Harthi na baadhi ya ndugu zake mwenyewe. Miongoni mwao walikuwamo dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Salme alikuwa msichana mdogo bado, lakini alijua kuandika, kwa hiyo barua za siri za njama hiyo zilipita mkononi mwake.

Majid alipojua, aliizingira nyumba ya nduguye. Hapo ndipo palipotendeka kisa ambacho wazee wa Unguja walikihadithia kwa miaka mingi. Dada zake walikwenda nyumbani kwa Barghash, wakamvika nguo za kike, wakamfunika uso, wakatoka naye katikati ya walinzi, ambao hawakuthubutu kuwafunua mabibi wa nyumba ya kifalme. Barghash akakimbilia shambani pamoja na wafuasi wake, akajenga boma.

Majid hakuweza kumtoa peke yake. Alimwomba msaada Balozi wa Kiingereza, na mabaharia wa manowari ya Kiingereza wakateremka na mizinga yao. Boma likavunjwa, Barghash akarudi mjini kwa siri na mwishowe akajisalimisha. Akapelekwa Bombay, uhamishoni.

Huu ulikuwa mlango ambao ukishafunguliwa haukufungika tena. Ndugu wawili waligombana, na mmoja akamwita mgeni amwamulie. Mwaka 1861 jambo hilo lilirudiwa kwa ukubwa zaidi. Majid na Thuwain walipeleka ugomvi wao kwa Lord Canning, Gavana Mkuu wa Kiingereza huko Bara Hindi, naye akaamua kwamba Unguja na Omani ziwe dola mbili mbalimbali, na kwamba Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Dola ya Sayyid Said ilikatwa vipande viwili kwa kalamu ya mtu ambaye hakuwa Mwarabu wala Mswahili, wala hakuwahi kuiona Unguja.

ALIYOYAONA BOMBAY

Barghash alikaa Bombay kama miaka miwili. Alifika huko wakati wa mageuzi makubwa. Uasi wa Wahindi wa mwaka 1857 ulikuwa umekwisha kuzimwa kwa damu nyingi, kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bara Hindi kwa muda mrefu ilikuwa imenyang'anywa utawala wake, na nchi nzima ilikuwa imewekwa chini ya Malkia Victoria mwenyewe tangu 1858. Katika jengo lililopigwa chapa ya taji la Malkia, kijana huyu aliyeshindwa vita aliona mambo mawili kwa pamoja. Aliona maji yakiletwa mjini kwa mabomba, mitambo ya kupiga chapa vitabu na meli za moshi. Na aliona pia jinsi masultani na maraja wa Kihindi walivyobaki na mataji yao, majumba yao na ndovu zao, lakini bila ya amri.

Somo la kwanza alilitumia alipotawala. Somo la pili alilijua, lakini kulijua hakukumwokoa.

KITI ALICHOKINGOJA

Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870, na Barghash, aliyekuwa amerudi Unguja tangu 1861 na kukaa kimya, akawa Sultani. Kwanza alionekana kuelekea kwa wanavyuoni wa Kiibadhi waliochukia kuingiliwa na Wazungu, na Waingereza wakamwogopa. Lakini hali ya nchi haikumpa nafasi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa, ambayo mfano wake haujulikani katika Unguja, iliangusha mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha vyombo bandarini, zikiwamo merikebu za Sultani. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, lakini hazina ya Unguja ilipata pigo.

Kabla hajapumua, Januari 1873 akaja Sir Bartle Frere, mjumbe wa Malkia, kudai biashara ya watumwa baharini ipigwe marufuku kabisa.

Hapa inatupasa kusema kweli bila kuficha. Biashara ile ilikuwa dhuluma. Watu walitekwa Nyasa na bara ya Kilwa, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, wakajazwa majahazini kama magunia, na wengi walikufa kabla ya kufika soko la Mkunazini. Wajukuu wao ni sehemu ya jamii yetu, nasi tunasali nao safu moja. Barghash hakuipinga biashara hiyo kwa hiari yake. Aliitetea kwa sababu mashamba ya karafuu yaliitegemea, na kwa sababu alihofu matajiri wake wangemwasi. Lakini wala Waingereza hawakuja kwa huruma tupu. Watu wao wengi walichukia utumwa kwa dhati, na habari za Dr. Livingstone ziliwatia machungu. Ila serikali yao iliona pia kwamba mwenye kuizuia biashara hiyo baharini ndiye atakayekuwa mwenye bahari.

Frere aliondoka bila sahihi. Ndipo Dr. John Kirk, Balozi wa Kiingereza Unguja, ambaye zamani alifuatana na Livingstone katika safari za mto Zambezi, alipomjia Sultani na habari kwamba manowari zitaizingira Unguja asipokubali. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi, na soko likafungwa siku hizo hizo. Mahali pa soko hilo pakajengwa kanisa la Waingereza, ambalo lipo hadi leo.

Watu wa pwani wana methali isemayo kwamba mkono usioweza kuukata ubusu. Tangu siku ile, Barghash alishika njia hiyo. Kirk akawa mshauri wake wa karibu kuliko ndugu zake, na yeye akaamini kwamba akiwaridhisha Waingereza, watamlindia nchi yake.

MIZINGA NGOMENI

Haukupita muda mrefu kabla Mombasa kuyaona matunda ya urafiki huo. Akida wa Ngome, Muhammad bin Abdallah Bakhashwein, aliasi, akajifungia ndani ya Ngome na askari wake na kuutia mji hofu. Tarehe 18 Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Rifleman na Nassau, ziliipiga Ngome kwa mizinga mpaka akida akasalimu amri. Kisha Waingereza wakamrudishia Sultani Ngome yake.

Kwa mtazamo wa Barghash, hilo lilikuwa tendo la rafiki. Lakini wazee wa Mji wa Kale waliokuwa wakitazama moshi ukipanda juu ya kuta zilizojengwa na Wareno waliweza kuona jambo jingine: kwamba Ngome iliyochukuliwa kwa mizinga ya mgeni na kukabidhiwa mwenyewe, inaweza pia kuchukuliwa na isikabidhiwe.

MGENI WA MALKIA

Mwaka huo huo Barghash alialikwa Uingereza. Aliondoka Mei pamoja na wakuu wake na Dr. Kirk, akawa huko mwezi wa Juni na Julai 1875. Katibu wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu chake kikapigwa chapa London miaka michache baadaye. Kwa hiyo tunayo habari ya jinsi watu wa pwani ya Afrika walivyowatazama Waingereza, wala si jinsi Waingereza walivyotutazama sisi tu.

Sultani alipokewa na Malkia katika kasri la Windsor. Victoria alikuwa mama wa miaka 56, amevaa nguo nyeusi. Mumewe, Prince Albert, alikuwa amekufa tangu Desemba 1861, na Malkia hakuivua nguo ya msiba mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1901. Kwa Mwislamu, ambaye mjane wake hukaa eda miezi minne na siku kumi kisha akarudi katika maisha, msiba wa miaka 40 ni jambo la ajabu. Lakini Waingereza wa zama zile waliuona kuwa ndiyo heshima yenyewe ya mke mwema.

La ajabu zaidi lilikuwa namna ya utawala. Barghash alipokaa barazani Unguja, mtu yeyote mwenye dai aliweza kumfikia, na neno lake ndilo lililokata shauri. Malkia Victoria, aliyekuwa na nchi nyingi zisizohesabika, hakukata shauri kubwa bila mawaziri. Cheo kilikuwa chake, uamuzi ulikuwa wa Bunge na Waziri Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa Disraeli. Mawaziri hao walibadilika kila watu walipopiga kura. Pengine Barghash hakuupima uzito wa jambo hilo vya kutosha, maana ahadi ya waziri wa leo haikuwa deni la waziri wa kesho.

Alipelekwa Birmingham, Liverpool na Manchester, akaonyeshwa viwanda, reli na bandari. Manchester ndiko zilikotoka nguo nyingi zilizouzwa ulimwenguni, na hata mitaa ya nguo ya Unguja na Mombasa ilijua bidhaa zake. Nguvu ya Uingereza haikuwa mizinga peke yake. Ilikuwa mashine zile zilizofuma usiku na mchana, zikihudumiwa na wanaume, wanawake na hata watoto wa maskini walioishi katika vyumba vya giza na moshi. Nchi iliyokuwa ikihubiri uhuru wa watumwa ilikuwa na mafukara wake yenyewe, waliofanya kazi mpaka kufa kwa ujira mdogo. Lakini mgeni wa serikali huonyeshwa ukumbi, haonyeshwi uani.

Kuna mtu mmoja aliyetamani sana kumwona Barghash London akakosa. Alikuwa dada yake Salme, yule aliyemwokoa mwaka 1859. Salme alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866 kwa ajili ya Mjerumani aliyempenda, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa kwa ajali na kumwachia watoto watatu na dhiki. Alikwenda London kumwomba nduguye msamaha na haki yake ya urithi. Sir Bartle Frere alimshawishi asimwendee Sultani, akimpa matumaini kwamba watoto wake watasaidiwa. Sultani alipoondoka, msaada huo haukuonekana. Waingereza hawakutaka mgeni wao audhike. Na Barghash kwa upande wake hakuwa tayari kumsamehe dada aliyeacha dini.

UNGUJA MPYA

Aliporudi, Sultani alianza kujenga. Alileta maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji kwa mfereji, na maskini wakachota bure mlangoni mwao. Alijenga hamamu kwa mtindo wa Kiajemi, majumba ya Marhubi na Chukwani, na mwaka 1883 Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma na baraza pana ambalo taa zake za umeme ziliwashangaza watu. Alinunua meli za moshi, na moja aliyoagiza Uingereza, Glasgow, aliifananisha na manowari ya Kiingereza aliyoipenda. Alianzisha mtambo wa kupiga chapa, na vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vikatoka Unguja na kusomwa hadi Omani na Aljeria. Husimuliwa pia kwamba yeye ndiye aliyeleta wapigaji muziki kutoka Misri na kumpeleka kijana wa Unguja akajifunze huko, na kutokana na hayo ikaota taarabu tunayoijua. Katika zama hizo hizo akina mama wa Unguja na Mombasa walianza kuunganisha leso ndogo za kununua kwa kipande, na kutoka hapo likazaliwa vazi lao.

Lakini si mambo yote ya Sultani yalikuwa ya kusifiwa. Alikuwa mkali, hasa kwa mwenye kumpinga katika dini au katika mamlaka. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii na baba wa Sheikh Al-Amin, alifungwa kwa amri yake kwa sababu mafunzo yake yalianza kuwavuta Maibadhi, wala hakutoka kifungoni mpaka Barghash alipokufa. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi alimwasi mara kwa mara, na mwaka 1882 boma lake la Mwele lilitekwa na jeshi la Sultani. Hata jeshi hilo kamanda wake alikuwa Mwingereza, Lloyd Mathews. Sultani aliyekuwa na nguvu juu ya raia zake alikuwa akizidi kuazima nguvu hiyo kwa wengine.

WAJERUMANI WANAFIKA

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani aitwaye Carl Peters alipita bara ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akiwatilisha machifu alama katika karatasi wasizozisoma. Februari 1885 mfalme wa Wajerumani alitangaza kuzilinda nchi hizo. Barghash alipeleka malalamiko yake, akaeleza kwamba nchi hizo ni zake na bendera yake ipo huko.

Agosti 1885 jibu likafika. Manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake na kuielekeza mizinga yao kwake. Na kama kwamba aibu hiyo haikutosha, katika meli mojawapo alikuwamo Salme, aliyeletwa na Wajerumani ili awe sababu ya kumgombeza nduguye. Barghash alimgeukia Kirk, rafiki wa miaka 15. Kirk alikuwa amekwisha kupokea amri kutoka London, kwa waya wa simu uliotandikwa chini ya bahari tangu 1879, kwamba asiwapinge Wajerumani. Uingereza ilikuwa na shida zake Misri na ilimhitaji Bismarck. Tena, binti mkubwa wa Victoria alikuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Kijerumani. Waliokuwa wakiigawana Afrika walikuwa wakwe.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema wahenga. Barghash alikubali masharti. Hata hivyo hakukubali kumwona dada yake. Salme aliondoka Unguja kama alivyokuja, bila urithi, akafariki Ujerumani mwaka 1924.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga mstari kutoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, kwenda bara, ukazunguka Kilimanjaro, hadi ziwa ambalo lilikuwa limekwisha kubandikwa jina la Malkia Victoria. Kusini ya mstari ikawa sehemu ya Wajerumani, kaskazini ya Waingereza. Sultani aliachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara, pamoja na miji kadhaa ya Banadir. Hakuwamo katika mazungumzo hayo. Aliletewa karatasi tu, na Desemba mwaka huo akaikubali.

MKATABA WA 24 MEI

Katika hali hiyo ndipo ulipokuja mkataba wa 1887. Mwenye kampuni alikuwa William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, ambaye miaka 10 nyuma alikuwa amekwisha kuomba kukodishiwa nchi hizi na mazungumzo yakavunjika. Jina lake lingali katika kituo cha reli cha Mackinnon Road, pale waendapo watu kuzuru kaburi la Sayyid Baghali Shah.

Masharti yalikuwa kwamba kampuni itawale kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake nyekundu, ikusanye ushuru wa forodha, na imhakikishie mapato yale yale aliyokuwa akipata. Kwa macho ya Barghash hii haikuwa kuuza. Ilikuwa kumpa jirani mwenye nguvu funguo za nyumba ili mwizi mwingine asiingie. Alikuwa mgonjwa, alikuwa amepoteza bara yote, na Wareno walikuwa wamemnyang'anya Tungi mwanzoni mwa mwaka huo huo. Yeyote amlaumuye sharti ajiulize ni lipi jingine ambalo angeweza kufanya mbele ya manowari. Lakini mwenye kumtetea naye ajiulize kwa nini watu wa Mombasa, Malindi na Lamu hawakuulizwa neno.

Mapema mwaka 1888 Barghash alisafiri kwenda Omani kutafuta nafuu ya ugonjwa wake. Haikupatikana. Alirudi Unguja na kufariki mwezi wa Machi 1888, muda mfupi tu baada ya kuwasili, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Nduguye Khalifa akamrithi. Septemba mwaka huo kampuni ya Mackinnon ilipata hati ya Malkia Victoria, ikafanya Mombasa kuwa makao yake.

ALICHOTUACHIA

Miaka 50 ya mkataba haikutimia. Kampuni ilifilisika, na mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ikashika utawala wake. Desemba mwaka huo iliafikiana na Sultani wa Unguja kumlipa pauni 17,000 kila mwaka kwa ajili ya pwani, na kwamba desturi za Waislamu na mahakama zao zihifadhiwe. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Malkia, aliyekuwa mwenyeji wa Barghash Windsor, ziliyapiga majumba ya Unguja katika vita visivyomaliza saa moja. Ile meli Glasgow ikazama bandarini. Beit al-Ajaib ilisalimika siku hiyo, ikasimama zaidi ya karne, mpaka tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilipoporomoka.

Bendera nyekundu iliendelea kupepea Ngomeni Mombasa hadi Desemba 1963. Oktoba mwaka huo, katika mapatano ya London, Sultani aliacha madai yake juu ya ukanda wa maili 10, ukawa sehemu ya Kenya, na serikali mpya ikaahidi kwamba Waislamu wa pwani watabaki na kadhi wao. Ahadi hiyo iliingia katika katiba ya uhuru, na imo pia katika katiba ya mwaka 2010. Kwa hiyo mama wa Mombasa aendaye leo mbele ya kadhi kudai mirathi ya mumewe au haki ya mtoto wake, anasimama juu ya jambo lililoshikiliwa mkataba baada ya mkataba: forodha zilikwenda, bendera ikashushwa, lakini hukumu ya sheria katika ndoa na mirathi ikabaki.

Tofauti yake na siku za Barghash ni moja, nayo ni kubwa. Yeye alitegemea neno la rafiki aliye mbali, ambaye mawaziri wake walibadilika na masilahi yake pia. Haki hii ya leo imeandikwa katika sheria ya nchi ambayo sisi wenyewe ni raia zake na wapigaji kura wake. Italindwa na wenyewe walio hapa, wakiijua asili yake na wakikaa macho, au haitalindwa.